Kitabu kipya, mtumba, maktaba au simu: kipi kinakubakizia hela kabla hujastaafu ukiwa huku Mbeya na Iringa

Wadau, hasa nyie mliobakiza miaka mitano, sita hivi mstaafu na mnaishi huku nyanda za juu kusini, leo naomba tulinganishe kitu ambacho watu wengi hawakipigii hesabu kabisa, nacho ni hela ya kusoma. Namaanisha vitabu, magazeti, vitabu vya wajukuu, na bando la kusomea kwenye simu. Hela yenyewe inatoka kidogo kidogo, buku hapa elfu tano pale, na kwa vile ni ndogo hakuna anayeiandika popote, mwisho wa mwezi unajikuta unauliza mshahara umeenda wapi wakati hujanunua hata kiti.

Kwa nini naisemea kabla ya kustaafu na sio baada? Kwa sababu ukishastaafu mambo yanabadilika ghafla. Mtumishi wa umma anaweza kuondoka kwa hiari akifika miaka 55 na kwa lazima 60, na kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa pensheni, wote tunakijua, tangu Julai 2022 mkupuo, yaani ile hela unayopewa mara moja, ulikuwa asilimia 33 halafu baadae ukapandishwa mpaka 40 kwa wale ambao zamani walikuwa kundi la kulipwa mkupuo wa asilimia 50, kinachobaki unalipwa kidogo kidogo kila mwezi. Yaani ile pesa nene ambayo wazee wetu waliijengea nyumba kwa mpigo mmoja siku hizi si nene kiasi kile, kwa hiyo akiba ndogo uliyojiwekea mwenyewe nje ya mfuko wa pensheni ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Na kwa mama anayeuza Mwanjelwa au fundi wa Mlandege ambaye hana mwajiri wa kumkata, hiyo akiba ndogo ndiyo pensheni yenyewe, labda awe anajichangia NSSF kwa hiari.

Kabla hatujalinganisha, jibu swali moja kwa ukweli: sasa hivi unatumia shilingi ngapi kwa mwezi kusoma? Kama hununui kitabu wala gazeti, basi maktaba haitakubakizia hata mia, itakupa elimu na burudani ambayo nayo ni kitu kizuri, ila usiiite akiba. Akiba inahesabiwa kwa ile hela uliyokuwa unaitoa kweli na sasa huitoi. Nasisitiza hili kwa sababu kuna watu wanapiga hesabu kwa kuangalia bei ya kitabu dukani, wanasema nimeazima vitabu kumi vya elfu kumi na tano nimeokoa laki na nusu, wakati hivyo vitabu wasingevinunua hata siku moja.

Gazeti ndiyo linakula hela, sio kitabu

Wengi wenu mtashangaa. Mtu anayejiona hanunui vitabu kabisa utamkuta kila asubuhi pale kwenye meza ya magazeti Kabwe au Miyomboni anatoa buku. Tuseme gazeti ni 1,000 na ananunua siku 25 za mwezi, hiyo ni 25,000 kwa mwezi na 300,000 kwa mwaka, na Jumatatu akiongeza la michezo anazidi hapo. Mtu wa kawaida hanunui vitabu vya hela kiasi hicho kwa mwaka.

Sasa maktaba za mkoa zina magazeti. Unakaa, unasoma, unarudisha mezani, hulipii nakala. Lakini hapa kuna mtego wa nauli, ukipanda daladala kila siku kwenda kusoma gazeti la buku, nauli ya kwenda na kurudi inazidi bei ya gazeti lenyewe, kwa hiyo hii inamfaa yule ambaye kazi yake iko mjini tayari, anapita tu mchana au jioni akitoka ofisini. Ukikaa mbali fanya hivi, habari za kila siku sikiliza redio, kisha siku moja ya wiki ambayo umeenda mjini kwa shughuli nyingine ingia maktaba usome yale ya wiki nzima, makala ndefu na matangazo ya zabuni na viwanja yanakuwa bado yapo. Matangazo ya viwanja na mirathi kwa mtu anayejiandaa kustaafu ni muhimu kuliko kichwa cha habari.

Vitabu: hesabu inategemea unakaa wapi

Nachukulia msomaji wa vitabu viwili kwa mwezi. Bei hizi naweka za mfano ili tupate picha, zako zibadilishe mwenyewe. Kitabu kipya cha Kiswahili tuseme 15,000, mtumba 4,000, daladala ya mjini 600 kwenda na 600 kurudi, na ada ya maktaba ya mwaka naweka 10,000 ya kuhesabia tu, ya kweli kaulize kaunta kabla hujaamua chochote.

Mtu wa Uyole au Nzovwe anayeenda mjini mara mbili kwa mwezi:
Kipya: 30,000 kwa mwezi, 360,000 kwa mwaka.
Mtumba: 8,000 kwa mwezi, 96,000 kwa mwaka.
Maktaba: nauli 2,400 kwa mwezi, mwaka 28,800, ukijumlisha ada 38,800.

Mtu wa Tukuyu, tuseme nauli 4,000 kwenda na 4,000 kurudi:
Kipya na mtumba tuseme anavipata kwa bei zile zile.
Maktaba ya Mbeya: nauli 16,000 kwa mwezi, mwaka 192,000, na ada inakuwa 202,000.

Umeona? Kwa mtu wa mjini maktaba inampiga kitabu kipya mbali sana, ila ukiiweka na mtumba tofauti ni kama elfu hamsini na saba tu kwa mwaka. Na kwa mtu wa Tukuyu, Mbarali, Mafinga au Ludewa kufunga safari maalum ya maktaba ni hasara, mtumba unashinda wazi wazi. Labda awe anakuja mjini kwa mambo mengine, hospitali, benki, kumuona mtoto chuo, hapo nauli haihesabiwi kwenye kitabu kwa sababu angeitoa tu.

Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema maktaba ni bure kabisa muulize anakaa wapi.

Maktaba kwa undani kidogo

Bodi ya Huduma za Maktaba ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1963, na ile Maktaba Kuu ya Dar ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru kabisa. Wazo lilikuwa kwamba mtu wa kawaida asome bila kununua, na huku kwetu Mbeya na Iringa tuna maktaba za mkoa chini ya bodi hiyo hiyo. Mimi naona ni urithi ambao sisi watu wazima tumewaachia wanafunzi peke yao. Ukiingia utakuta meza zimejaa vijana wa form four na wa chuo wanajisomea madaftari yao, huku rafu za riwaya, historia, kilimo na sheria hazina mtu, na ni vitabu ambavyo mtu wa miaka 55 angevifaidi kuliko hao vijana.

Kuingia kukaa na kusoma ni jambo moja, kuazima ukaenda navyo nyumbani ni jambo lingine, hapo utajaza fomu, utatoa picha, na utatakiwa mdhamini. Usilichukulie hilo la mdhamini kirahisi. Ukipoteza kitabu au ukihama bila kurudisha, mwenzako ndiye atakayetafutwa.

Kuna kitu kimoja nakishauri kwa kila anayeazima. Fungua jalada uangalie ile karatasi iliyobandikwa ndani, yenye safu ya mihuri ya tarehe za kurudisha. Ukikuta mihuri imebanana, ya wino wa juzi juzi, jua hicho kitabu kinagombaniwa, kisome haraka kwa sababu kuongezewa muda itakuwa ngumu. Ukikuta muhuri wa mwisho ni wa miaka mingi iliyopita, basi hakuna anayekisubiri, ukienda siku ya mwisho ukaomba uongezewe wiki kadhaa mara nyingi watakuelewa. Hiyo inapunguza safari, na kupunguza safari ndiyo kupunguza gharama, maana ukishalipa ada ya mwaka, gharama ya maktaba ni nauli na faini. Faini ya kuchelewa ni ndogo ila ukiwa na vitabu viwili na ukasahau mwezi mzima inakula kile ulichookoa, kwa hiyo weka alamu kwenye simu siku mbili kabla.

Na mvua zetu mnazijua, kuanzia Novemba mpaka Aprili kitabu ukikibeba kwenye bodaboda bila kukifunga vizuri kinalowa, na kikilowa utakilipa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo tafuta begi zito linalofunga zipu, au kiviringishe kwenye kitenge kizito ndani ya begi la kawaida.

Udhaifu wa maktaba siufichi. Vitabu vipya vya Kiswahili vinachelewa kufika mikoani, vingi ni vya zamani, na ukitaka mada fulani kabisa, mfano ufugaji wa kuku chotara au sheria mpya ya kodi, unaweza usikipate. Waulize wahudumu, wale watu wanajua rafu zao, ukisema tu "samahani dada, nataka kitu cha nyuki au parachichi" anakupeleka moja kwa moja badala ya kuzunguka nusu saa.

Mtumba

Wale vijana wanaopanga vitabu chini juu ya turubai pembeni ya barabara wana hazina. Riwaya za zamani ambazo dukani hazipo tena, kamusi, vitabu vya dini, vitabu vya Kiingereza walivyoacha wageni. Uzuri wake ni kwamba ukimaliza unamrudishia, "kijana chukua hivi viwili nipe kile kimoja na buku juu", na wengi wanakubali, hapo ile 4,000 kwa kitabu inashuka mpaka labda 2,000 na mtumba unakaribia kabisa gharama ya maktaba bila fomu wala mdhamini wala faini.

Ila kagua. Usiangalie jalada, nenda kurasa za mwisho kwanza, maana riwaya ya upelelezi isiyo na kurasa kumi za mwisho ni hela umetupa. Kisha kinuse. Huku kwetu kuna baridi na unyevu, hasa Rungwe na Mufindi, kitabu kilichokaa stoo kinaota ukungu na ukikiweka kwenye rafu yako kinaambukiza vingine, na mwenye pumu ndani ya nyumba atateseka.

Kwa vitabu vya shule vya wajukuu naomba muwe makini sana, mitaala iliboreshwa mwaka 2023 na ikaanza kutumika Januari 2024 kwa baadhi ya madarasa, kwa hiyo kitabu cha mtumba cha elfu mbili kinaweza kuwa cha mtaala wa zamani na mtoto asifaidike nacho. Kabla hujanunua ingia maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, vitabu vya kiada wameviweka bure kusoma, linganisha jalada na mada. Babu au bibi anayesaidia homework ataokoa hapo kuliko sehemu nyingine yoyote niliyoitaja.

Simu

Kwa macho yetu ya umri huu simu ina faida moja ambayo kitabu hakina, unaweza kukuza herufi. Mtu mwenye miwani ya kusomea anajua ninachosema. Kuna maandiko mengi ya bure, ule mradi wa Gutenberg ulioanza 1971 una maelfu ya vitabu vya zamani, ila karibu vyote ni vya lugha za Ulaya, Kiswahili ni kidogo mno. Hadithi za watoto za Kiswahili za kusoma bure zipo, kwenye African Storybook kwa mfano, nzuri kwa kumsomea mjukuu jioni.

Tatizo la simu ni kwamba kitabu chenyewe kinakula MB chache sana, kinachokula bando ni vile unavyovifungua ukiwa njiani kuelekea kwenye kitabu. Unaingia kupakua kurasa mia mbili unajikuta kwenye video za ugomvi wa watu usiowajua, bando la wiki linaisha Jumanne. Kama una nidhamu, pakua siku moja, zima data, soma wiki nzima. Kama huna, karatasi ni bei rahisi kwako hata kama unailipia.

Kipya unanunua lini sasa

Sisemi msinunue kabisa, waandishi na wachapishaji wetu watakula nini. Nunua kipya kile utakachokifungua tena na tena. Mwongozo wa kilimo wa zao lako, kitabu cha ibada, kamusi, kitabu cha sheria ya ardhi au mirathi kama una mashamba na watoto wengi. Kitabu utakachokirudia mara ishirini kwa elfu kumi na tano ni rahisi kuliko kukiazima mara ishirini. Riwaya, wasifu wa viongozi, historia, vile unavyosoma mara moja ukamaliza, hivyo azima au chukua mtumba.

Na kwa kilimo kuna njia ambayo naona watu wanaipita kabisa. Nanenane pale viwanja vya John Mwakangale, Agosti 1 mpaka 8, taasisi zinagawa vipeperushi vya viazi, maharage, parachichi, malisho. TARI Uyole wako hapo hapo jirani na ndio watafiti wa mazao haya haya ya kwetu. Beba bahasha kubwa, kusanya, rudi nyumbani panga kwenye faili. Ni kurasa nne nne tu lakini zimeandikwa kwa udongo na baridi ya huku, tofauti na kitabu kinene kilichoandikwa kwa ajili ya nchi nyingine.

Hela uliyookoa iende wapi

Hapa ndipo wengi tunapotezea. Ukiacha kununua gazeti na hiyo buku ikabaki mfukoni, jioni itakuwa soda au chipsi. Haijawa akiba. Siku ile ile uliyoacha kununua, ihamishe. Tulinganishe tena kwa ile 25,000 ya mwezi.

Kibubu cha nyumbani, miaka mitano unakuwa na 1,500,000, kama hakuna msiba wala ada iliyokuvunjisha, na thamani ya shilingi miaka mitano ijayo haitakuwa ya leo. Kwenye simu ni rahisi kuweka na ni rahisi kutoa pia, makato ya kutoa yapo, naiona kama kituo cha kukusanyia buku buku mpaka zifike elfu ishirini na tano, sio mahali pa kulaza. VICOBA na SACCOS ya kazini zina faida ya kukopeshana na mgao mwisho wa mwaka, ila angalia uongozi, vitabu vya mahesabu vinasomwa mbele ya wanachama au viko kwenye begi la mtu mmoja?

UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja, naona inamfaa zaidi mtu wa kiasi hiki kidogo. Mfuko wa Umoja upo tangu 2005, upo wa Ukwasi ambao umekaa zaidi kwenye amana za benki na dhamana za serikali, unanunua vipande kwa simu na ukitaka kutoa unatoa. Kwa hesabu tu, tuseme faida ni asilimia 10 kwa mwaka, 25,000 kila mwezi kwa miaka mitano inafika kama 1,936,000. Hiyo asilimia ni mfano, hakuna anayekuahidi, bei ya kipande inapanda na kushuka, hasa wa Umoja ambao una hisa ndani yake. Umebakiza mwaka mmoja? Nenda Ukwasi. Umebakiza kumi? Changanya.

Nikuchagulie kabisa

Mwalimu wa Iringa mjini au Mbeya jiji, miaka 53, unasoma sana na unapita mjini kila siku: chukua uanachama wa maktaba wiki hii, acha gazeti la kila siku, mtumba uwe wa kuongezea tu.

Nesi wa Tukuyu, Kyela, Makambako: mtumba wa kubadilishana, na muungane watu watano wa kituo kimoja kila mtu anunue kimoja mzunguke nacho. Hiyo ni nafuu kuliko njia zote kwa mtu wa mbali, na mnapata kitu cha kuongea zaidi ya uhamisho na mikopo.

Mfanyabiashara asiye na muda wa kuingia mjini: simu, kwa masharti ya kuzima data niliyosema.

Na wewe unayepanga kustaafu urudi kijijini, Busokelo au Kilolo au wapi, kwako hesabu ni ya haraka zaidi kuliko wote. Maktaba unayo sasa, ukishahama hutakuwa nayo. Miaka hii miwili mitatu ya mwisho azima vile vikubwa vya ufugaji, nyuki, miti, ujenzi, visome na daftari pembeni, andika vipimo na tarehe za kupanda, halafu kile kimoja au viwili utakavyoona huwezi kuachana navyo ndivyo ununue vipya ubebe. Kabla gari la mizigo halijafika nyumbani, rudisha kila kitabu, hakikisha kadi yako imefutwa deni, na mpigie mdhamini wako umwambie umemaliza.